Kiti cha Daudi: maswali yenu

Makala iliyopita kuhusu ahadi ambayo mfalme Daudi alipewa kupitia nabii Nathani, kwamba ukoo wake utatawala milele, imezaa maswali mengi. Haya ndiyo yaliyojirudia.

Ahadi ile ilikuwa na masharti au haikuwa nayo?

Inategemea umefungua wapi. Katika 2 Samweli 7 Daudi anataka kumjengea Mungu nyumba. Nathani anamkubalia, kisha usiku uleule anapewa neno jingine: Mungu ndiye atakayemjengea Daudi nyumba, yaani ukoo wa wafalme. Mrithi akikosa ataadhibiwa, lakini hatanyang'anywa fadhili kama Sauli, mfalme aliyemtangulia Daudi, alivyonyang'anywa. Hapo sharti hulioni.

Nenda sasa Zaburi 132. Wana wa Daudi watakikalia kiti *wakilishika* agano. Daudi mwenyewe, akikaribia kufa, anamwambia mwanawe Sulemani jambo lilelile (1 Wafalme 2). Wahubiri wengi hushika upande mmoja na kuunyamazia wa pili. Mimi naamini waliovikusanya vitabu hivi waliziona kauli zote mbili, wakaamua kutozipatanisha. Zaburi ya 89 inakwenda mbali zaidi: inaisifu ahadi kwa aya nyingi, halafu inamgeukia Mungu na kumlalamikia usoni kwamba amelikataa agano na kulitupa taji mavumbini. Na hayo ni maneno ya sala.

Adoniya, mwana mwingine wa Daudi, ndiye aliyekuwa mkubwa. Sulemani alipataje ufalme?

Kwa mipango ya ikulu, tena Biblia haifichi. Adoniya alikuwa na Yoabu, mkuu wa jeshi, na kuhani Abiathari. Akafanya karamu kwenye chemchemi ya En-rogeli, wageni wakaanza kumshangilia kama mfalme. Upande wa pili walikuwepo Nathani, kuhani Sadoki na Benaya, mkuu wa walinzi wa mfalme. Nathani akamfuata Bath-sheba, mama yake Sulemani, akampanga: ingia kwa mfalme, mkumbushe kwamba alikuapia Sulemani ndiye atakayetawala, ukiwa bado unasema, nami nitaingia nikuunge mkono.

Ajabu ni kwamba kiapo hicho hatujakisikia mahali popote kabla ya siku hiyo. Tuliambiwa tu kwamba Bwana alimpenda mtoto huyo alipozaliwa (2 Samweli 12). Je, Daudi aliapa kweli, au mzee asiyepata joto hata afunikwe nguo alikumbushwa jambo ambalo hakuwahi kulisema? Msimulizi ametuachia wenyewe. Alichotueleza ni kwamba Sulemani alipandishwa nyumbu wa mfalme, akapakwa mafuta kwenye chemchemi ya Gihoni, na baada ya muda Adoniya akauawa, Yoabu akauawa akiwa ameshika pembe za madhabahu, Abiathari akafukuzwa aende Anathothi.

Ukichoka na fitina hizo, soma 1 Mambo ya Nyakati 28. Humo Daudi anasimama mbele ya wakuu wote na kutangaza kwamba Mungu amemchagua Sulemani. Karamu ya En-rogeli haimo, Bath-sheba hayumo.

Kama ni ahadi ya milele, mbona Wababeli waliumaliza ufalme?

Swali hili Wayahudi wenyewe ndio walioliuliza kwanza. Mwaka 597 KK mfalme kijana wa ukoo wa Daudi, Yehoyakini, ambaye pia huitwa Yekonia au Konia, alichukuliwa mateka. Yerusalemu ikabomolewa mwaka 586 KK. Yeremia 22 inatoa hukumu nzito: hata kama Konia angekuwa pete ya muhuri mkononi mwa Mungu angeng'olewa, na hakuna mzao wake atakayekaa kwenye kiti cha Daudi.

Lakini kitabu cha 2 Wafalme kinafungwa na Yehoyakini akitolewa gerezani na kula mezani pa mfalme wa Babeli. Vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Babeli vinaorodhesha posho ya mafuta ya mfalme huyo wa Yuda, pamoja na ya wanawe 5. Ukoo ulikuwa hai. Baadaye mjukuu wake, Zerubabeli, akawa liwali chini ya Waajemi, na nabii Hagai akamwambia kwamba Mungu atamfanya kama pete ya muhuri. Pete ileile! Hata hivyo Zerubabeli hakuwahi kuvikwa taji. Tangu hapo tumaini likahamia kwa mfalme ajaye, na Wayahudi humwomba Mungu alichipushe chipukizi la Daudi katika sala zao za kila siku hadi leo.

Kwa nini nasaba ya Yesu ya Mathayo haifanani na ya Luka?

Mathayo anapita kwa Sulemani na Yekonia; Luka anapita kwa Nathani, mwana mwingine wa Daudi (si yule nabii). Mathayo pia anaruka wafalme 3 kati ya Yoramu na Uzia ili apate makundi ya vizazi 14. Wapo wanaosema orodha ya Luka ni ya Mariamu. Luka mwenyewe anamtaja Yusufu.

Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, alitoka kwa Sulemani?

Katiba ya Ethiopia ya 1955 ilisema hivyo, kupitia Meneliki wa Kwanza, mtoto wa Sulemani na malkia wa Sheba. Nasaba hiyo ilitumika kuhalalisha watawala tangu Yekuno Amlak aliposhika ufalme mwaka 1270, mpaka mfalme alipopinduliwa mwaka 1974. Katika 1 Wafalme 10 malkia anamjaribu Sulemani kwa mafumbo, wanapeana zawadi, anarudi kwao. Mtoto hatajwi.