Wasomaji Wanauliza: Boksi la Sabufa ya Gari

SWALI: Nina sabufa ya inchi 12. Karatasi yake inasema Fs 30 Hz, Qts 0.45, Qes 0.5 na Vas lita 60. Fundi mmoja ananiambia nizibe boksi lote, mwingine anasema bila bomba la hewa hakuna besi. Nimfuate nani, na boksi liwe na ukubwa gani?

JIBU: Fuata karatasi uliyonayo. Fs ni masafa ambayo koni hutetemeka yenyewe, Qts na Qes ni vipimo vya jinsi mtetemo huo unavyozuiwa (Qts kwa jumla, Qes kwa umeme wa koili na sumaku), na Vas ni ujazo wa hewa unaonyumbuka sawa na koni. Gawa Fs kwa Qes: 30 kwa 0.5 ni 60. Sabufa inayotoa jibu la 50 au chini hufaa boksi lililozibwa, na inayofika 100 hufaa boksi lenye bomba. Yako inaelekea upande wa kuzibwa, na sisi tungeshauri hivyo hivyo kwa anayejenga mara ya kwanza, kwa sababu boksi la aina hii halidhuriki sana ukikosea lita mbili tatu.

Ujazo unapatikana hivi. Gawa 0.707 kwa Qts, jibu lizidishe kwa lenyewe, toa 1, kisha gawa Vas kwa kilichobaki. Kwa sabufa yako tunapata karibu lita 41. Hiyo 0.707 ni Q ya sabufa ikiwa tayari ndani ya boksi, nayo ndiyo inayofanya besi ibaki tambarare bila kuvimba kabla ya kuanza kushuka, na hapa itaanza kushuka karibu na 47 Hz. Usiogope namba hiyo: ndani ya gari masafa ya chini huongezeka yenyewe kwa sababu chumba ni kidogo na kimefungwa. Ukiibana sabufa hiyo hiyo kwenye lita 20, ile 0.707 inapanda hadi 0.9, besi inavimba kidogo na kuanza kushuka mapema, karibu na 60 Hz. Utasikia mdundo, lakini zile noti nzito za chini zitapungua.

Lita 41 ni hewa tupu. Ongeza nafasi inayoliwa na sumaku na fremu ya sabufa (tuseme lita 2.5, ila angalia karatasi) pamoja na mbao za kukaza ndani, lita 1. Ndani ya boksi basi pawe na upana wa sm 45, kimo sm 34 na kina sm 29, ambazo ni lita 44.4. Kabla ya kukata chochote, hakikisha kina hicho kinatosha sumaku na kuacha nafasi nyuma yake.

Tumia MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya mm 18. Mbao za chembechembe ziache: zikipata unyevu huvimba na skrubu hulegea. Kata vipande vitatu vya sm 48.6 kwa 37.6 (kimoja cha nyuma, viwili vya kubandika pamoja mbele, maana ubao wa mbele ndio unaobeba uzito wote), viwili vya sm 48.6 kwa 29 vya juu na chini, na viwili vya sm 34 kwa 29 vya pembeni. Kinachoshika boksi ni gundi ya mbao; skrubu kazi yake ni kubana mpaka gundi ikauke. Toboa kwanza kwa drili ya mm 3 kila baada ya sm 15, kwa skrubu za mm 4 kwa 50. Ukipiga skrubu kwenye ukingo wa MDF bila kutoboa, ubao unapasuka katikati ya tabaka zake, na mpasuko huo ni mgumu sana kuuziba. Ndani, pitisha silikoni kwenye kila kona, uiache ikauke kabisa siku nzima au zaidi kabla ya kufunga sabufa, kwa sababu mvuke wa silikoni zenye asidi unaweza kudhuru sehemu za spika. Chini ya fremu ya sabufa weka ukanda wa sponji.

SWALI: Boksi langu lina lita 50 za hewa na bomba la kipenyo cha sm 10, urefu sm 15. Nikiongeza sauti koni inagonga kwa nguvu kwenye nyimbo zenye besi nzito. Amplifaya ni mbovu?

JIBU: Tatizo ni bomba, ni fupi mno. Kwa urefu huo bomba na boksi vinaitikia kwenye 46 Hz. Chini ya masafa hayo hewa ya ndani haiizuii koni tena, nayo inakwenda mbele na nyuma mpaka koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) igonge bamba la nyuma la sumaku. Ukitaka 33 Hz, bomba hilo linahitaji sm 36. Likiwa refu hivyo linakula zaidi ya lita 3 za boksi, kwa hiyo zihesabu. Mdomo wa ndani uache mbali na ubao walau sm 10, unaweza kukunja bomba kwa kiwiko. Kisha weka kichujio cha amplifaya kinachokata masafa ya chini kabisa (subsonic) karibu na 28 Hz. Mpaka ufanye hayo, punguza sauti. Koili iliyopinda haitengenezeki kirahisi.

Likianza kupuliza kama filimbi, bomba ni jembamba kwa nguvu unayotumia. Bomba pana zaidi lazima pia liwe refu zaidi: la sm 15 kwenye boksi hilo lingehitaji sm 86, ndiyo maana wengi huishia kujenga mfereji wa mbao.

SWALI: Nitajuaje kama boksi lililozibwa linavuja?

JIBU: Sukuma koni polepole kwa vidole vyote, kisha uachie. Ikirudi taratibu boksi ni zima. Ikiruka mara moja, kuna tundu. Piga sauti ya 30 Hz kwa kiwango kidogo na upitishe kiganja chenye maji kwenye viungo na kwenye kibati cha nyaya. Mara nyingi uvujaji uko kwenye kibati hicho.

SWALI: Besi iko nyuma lakini kwenye kiti cha dereva haipo.

JIBU: Badilisha waya za chanya na hasi kwenye sabufa, kaa kwenye kiti chako, usikilize karibu na 80 Hz. Baki na ule mpangilio wa waya unaotoa besi nzito zaidi. Kama besi haikubadilika, geuza boksi koni itazame mlango wa nyuma na ujaribu tena.