Nimeiacha Bendi: Je, Nyimbo Nilizoziimba Ni Zangu?

Swali: Wakili, mimi ni mwimbaji wa muziki wa roki hapa Nakuru. Kwa miaka sita nilikuwa mwimbaji mkuu wa bendi iliyopata wafuasi wengi, tukatoa albamu mbili. Nilijiondoa mwezi wa Januari na sasa natayarisha albamu yangu ya kwanza nikiwa peke yangu. Nataka kurekodi upya nyimbo nne za bendi ambazo maneno yake niliyaandika mimi. Mtu anayejiita mshauri wa wasanii amependekeza tubadilishe ufunguo (kimo cha sauti) na mwendo (kasi) kidogo, kisha anisajilie nyimbo hizo KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kwa jina langu kabla wenzangu hawajaniwahi. Anadai shilingi 15,000 kwa kila wimbo. Je, nikishapata vyeti nitakuwa salama?

Jibu: Hutakuwa salama, na kwa hizo shilingi 60,000 huenda ukawa umejinunulia ushahidi wa kukushtaki. Swali kama lako hunifikia ofisini hapa Kisumu mara kwa mara, kutoka kwa waimbaji wa injili, wa benga na sasa wa roki, na karibu kila mara nyuma yake yupo mtu aliyemwambia msanii kwamba anayewahi cheti ndiye mwenye wimbo. Hiyo ni kanuni ya kugombea kiti cha matatu. Katika Sheria ya Hakimiliki, Sura ya 130, haipo.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, hakimiliki huzaliwa pale kazi iliyotungwa kwa juhudi ya mtunzi inapoandikwa au kurekodiwa. Usajili katika Bodi ya Hakimiliki ni wa hiari. Una faida yake, kwa sababu cheti huonyesha ni nani aliyedai nini na tarehe gani, lakini Bodi haikuwapo katika chumba chenu cha mazoezi, wala haijui ni nani aliyeleta kipande cha gitaa cha mwanzo na nani aliyekuwa nje akizungumza na simu. Inaandika alichokieleza mwombaji, na maelezo hayo yanaweza kupingwa mahakamani. Nimewahi kuwekewa mezani vyeti viwili vya wimbo mmoja, kimoja cha mwimbaji na kingine cha mpiga besi, kila mmoja akiwa ameusajili kwa kichwa tofauti na kila mmoja akiwa amemlipa dalali wake. Kilichoamua ugomvi ule ni jumbe za simu za siku walipokuwa wakitunga, na vile vyeti viwili vikabaki kuwaaibisha waliovileta.

Sasa tuje kwenye nyimbo zako nne. Katika kila mojawapo mna mali zaidi ya moja, na hapa ndipo wasanii wengi hupotea. Yapo maneno, ambayo kisheria ni kazi ya fasihi. Ukiwa kweli uliyaandika peke yako, na hukuwahi kutia sahihi hati ya kuyahamisha, ni yako. Upo muziki wenyewe, yaani sauti ya wimbo na vile vipande vya gitaa vinavyoutambulisha, ambao, kwa kuwa unadai maneno pekee, nadhani mliutunga pamoja au waliutunga wenzako. Halafu ipo rekodi, ambayo mwenyewe kisheria ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi, awe bendi, kampuni au mfadhili. Haki ya maneno na muziki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na ya rekodi hudumu miaka 50, kwa hiyo usitarajie kwamba mambo haya yatasahaulika. Ukiingia studio na wapigaji wapya hutakuwa umeigusa rekodi ya zamani, lakini muziki utakuwa umeutumia, na muziki huo una wenyewe.

Kuhusu hila ya kubadilisha ufunguo na mwendo, nitasema kwa ufupi kwa sababu inanichosha. Kila Jumapili kuna kwaya inayoushusha wimbo nusu toni mbili ili wazee waufikie, na hakuna mwalimu wa kwaya ambaye amewahi kudai kwamba kwa kufanya hivyo ametunga wimbo mpya. Sikio hulitambua umbo la sauti ya wimbo hata ufunguo ukibadilika, na hata mtambo wa YouTube wa kutambua kazi za watu unaweza kulinganisha sauti ya wimbo katika rekodi tofauti.

Ikiwa unadhani haya ni matatizo ya wanamuziki wadogo, mtazame John Fogerty wa Marekani. Alikuwa mwimbaji na mtunzi mkuu wa Creedence Clearwater Revival, bendi iliyovunjika mwaka 1972. Albamu yake ya kwanza baada ya hapo, ya mwaka 1973, aliijaza nyimbo za watu wengine na kupiga ala zote yeye mwenyewe. Haki za nyimbo alizozitunga kwa mikono yake zilikuwa zimekwenda kwa kampuni ya Fantasy kwa mkataba alioutia sahihi akiwa kijana. Baadaye kampuni hiyo ilimshtaki ikidai kwamba wimbo wake mpya ulifanana mno na wa zamani alioutunga yeye yeye! Ilimbidi aingie kizimbani na gitaa ili aionyeshe mahakama jinsi anavyotunga, na mwaka 1988 akashinda, ingawa mzozo wa gharama za mawakili uliendelea hadi Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1994. Sehemu kubwa ya haki za nyimbo zake ilimrudia mwaka 2023 tu, na akairudisha kwa kununua.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia hata saa moja ya studio, tafuta kila karatasi uliyotia sahihi, hasa kifungu kinachokuzuia kurekodi upya nyimbo za bendi kwa muda fulani. Kisha waandikie wenzako mkubaliane ni nani alitunga nini na kwa sehemu gani, na wakupe idhini iliyoandikwa na kutiwa sahihi, kwa sababu uhamisho wa hakimiliki usioandikwa hauna nguvu katika sheria yetu. Wakikataa, maneno yako bado unayo: yatungie muziki mwingine kabisa, si ule wa zamani uliokatwakatwa. Jina la bendi liache. Roger Waters alipoondoka Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, mwaka 1985 alipinga wenzake kulitumia jina hilo, na mwaka 1987 wakapatana nao wakabaki nalo. Kusema kwamba uliwahi kuimba humo ni kueleza ukweli, lakini kuliandika jina kubwa kwenye jalada ni jambo jingine, hasa ikiwa limesajiliwa kama alama ya biashara katika KIPI, taasisi ya Kenya ya kuzisajili.

Huyo anayejiita mshauri si dalali wa pekee. Wapo wanaouza msimbo wa ISRC kana kwamba ni hati ya umiliki, ilhali ni tarakimu na herufi 12 za kuitambulisha rekodi. Wapo wanaokupakilia nyimbo mtandaoni kwa akaunti yao wenyewe, hivyo malipo yakaingia kwao nawe ukabaki kuwaomba. Wapo pia wanaodai kwamba wanamjua mtu ndani ya MCSK au PRISK, vyombo vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya kutumiwa kwa muziki, na kwamba mirabaha yako itatoka haraka ukiwapa kitu kidogo. Usajili wa KECOBO unaweza kuufanya mwenyewe kwa mtandao bila mtu wa kati, na uanachama wa chombo cha kukusanya mirabaha unauomba wewe moja kwa moja, baada ya kuhakikisha kwamba kina leseni ya Bodi wakati huo. Anayekuhimiza ujaze kwamba ulitunga peke yako kitu mlichotunga watu watano hatakuwa nawe siku wenzako watakapoileta fomu hiyo mbele ya hakimu ikiwa na jina lako.

Ikiwa tayari umempa fedha au sauti ulizorekodi, mwandikie leo ukimtaka asisajili chochote kwa niaba yako na akurudishie faili zote za studio, kisha uhifadhi nakala ya ujumbe huo.