Kuongoza tiba ya usemi kwa watoto njiti: anzia kando ya kitanda

Dada, umeuliza uanzie wapi baada ya kukabidhiwa kuongoza tiba ya usemi na lugha katika wodi ya watoto wachanga, huku wauguzi wakikuuliza, "Mtoto hata kulia hajaweza, utamfundisha kusema nini?"

Pole, hata mimi niliulizwa hivyo. Usiwajibu kwa hotuba. Wiki za mwanzo simama kando ya vitanda saa za kulisha, maana kunyonya na kumeza pia ni kazi yetu, utazame pamoja nao. Mtoto njiti huanza kuoanisha kunyonya, kumeza na kupumua karibu na wiki ya 32 hadi 34 ya umri wa mimba, unaoendelea kuhesabiwa hata akiwa ameshazaliwa. Ukimharakishia chupa kabla hajawa tayari, unamchosha, na maziwa yanaweza kuingia njia ya hewa. Mwonyeshe muuguzi vidole vinavyotanuka, kipaji kinachokunjamana, rangi inayobadilika kuzunguka mdomo. Akishaziona dalili hizo za mtoto kulemewa kwa macho yake, atakuita mwenyewe.

Ninachokusihi ukipiganie kuliko vyote ni nafasi ya mzazi. Mama akimweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi na kumwimbia kwa sauti ya chini, lugha imeshaanza. Hata anayelishwa kwa mrija anaweza kuzoezwa kunyonya kwenye ziwa lililokamuliwa, hali yake ikiruhusu. Akina baba usiwasahau. Wengi husimama mlangoni wakiogopa zile nyaya za mashine.

Ratiba na fomu zitafuata. Ila usikubali kazi yako ipimwe kwa mililita za maziwa tu. Na tafuta mapema mwenzako wa kuzungumza naye, maana kuna watoto mtakaowapoteza.