Kinyozi wa ugenini: maswali yenu

Nasoma Leipzig, Ujerumani. Saluni mbili zimeniambia nywele zangu hawaziwezi. Ni ubaguzi? (Kijana wa Mwanza)

Pole, mdogo wangu. Neno hilo linauma. Nami niliwahi kuambiwa hivyo kabla hata sijaketi. Mara nyingi kinachokosekana ni mafunzo. Ujerumani ususi na unyozi ni ufundi wenye mitihani mizito, ila mwanafunzi wake hujifunzia zaidi nywele laini, zinazolala. Uingereza nako ni mwaka 2021 tu ndipo nywele za kipilipili zilipoingizwa kikamilifu katika viwango vya mafunzo ya ususi. Kwa hiyo aliyekiri kwa adabu kwamba hawezi amekuepusha na kichwa cha mabaka. Akikufukuza mlangoni hata kofia hujavua, hilo ni jambo jingine, wala usilinyamazie.

Nenda duka la Kiafrika, pale unaponunua unga na mawese. Mengine yana kiti cha kinyozi kwa nyuma. Yasipokuwa nacho, mwenye duka anamjua anayenyoa nyumbani kwake. Ukipata safari ya Paris, shukia kituo cha metro cha Château d'Eau, saluni zimejaa mtaa mzima. Brussels uliza Matonge, mtaa ulioitwa kwa jina la mtaa wa Kinshasa. Ukimpata kinyozi wa Goma au Lubumbashi, mtapiga Kiswahili mpaka akukung'ute nywele shingoni.

Nikisema "punguza kidogo" natoka na kipara. Nisemeje?

Taja milimita. Kitana namba moja cha mashine huacha milimita 3 hivi, namba mbili 6, namba tatu kama 10. Mwambie aanze na kikubwa, maana kilichokatwa hakirudi. Mwonyeshe picha zako mwenyewe, za siku uliyotoka kwa kinyozi wako wa nyumbani: mbele, ubavuni, kisogoni. Picha ya mchezaji mpira haisaidii, kwa kuwa paji lake si lako. Na hayo yote uyaseme kabla mashine haijawashwa, hasa kama hutaki akuchonge mbele. Wengi hurudisha mstari nyuma bila kuuliza.

Mashine niliyokuja nayo Marekani kutoka Nairobi inavuta nywele badala ya kukata.

Umeme wa huko ni volti 120, wa Kenya ni 240, ndiyo maana mashine yako inakosa nguvu. Adapta inabadilisha pini tu, nguvu ya umeme haiigusi. Nunua ya kuchaji. Ila kinyozi hajinyoi: kisogo mpe mwenzako.

Bakshishi?

Marekani weka asilimia 15 hadi 20. Ujerumani ongeza kidogo juu ya bei. Japani usitoe.

Nimehamia Muscat na navaa hijabu. Nitasukwa wapi?

Dada, kwa hijabu ondoa wasiwasi: saluni za wanawake huko mwanaume haingii, na vioo huzibwa. Ugumu ni msusi. Nyingi zimezoea nywele ndefu za kunyoosha, na ukiomba msuko wa twende kilioni watakutazama tu. Watafute Waomani wenye asili ya Zanzibar. Wapo wengi Muscat na Kiswahili ndicho wanachozungumza majumbani. Mama mmoja wa namna hiyo atakupeleka kwa msusi anayesukia sebuleni. Nenda umeshaosha na kuchambua nywele, na rasta ubebe zako.