Acha Kuchukua Picha, Piga

Ukitaka kujua kama sentensi ya Kiswahili ilifikiriwa kwa Kiingereza, angalia neno "chukua". Nairobi tunachukua kila kitu: chai, dawa, kiti, matatu, mtihani, kiapo, hata nafasi hii kumshukuru mwenyekiti. Nyuma ya zote hizo amejificha "take".

Kitenzi hicho cha Kiingereza kina kazi nyingi kwa sababu chenyewe kimebaki karibu kitupu. Nomino inayokifuata ndiyo inayobeba maana. Kitenzi kipo tu kuishikilia sentensi. (Hata kwa Waingereza kilikuja kama mgeni: kilitoka kwa Waskandinavia, kikalisukuma nje neno lao la kale.) Kiswahili nacho kina vitenzi vya namna hiyo, lakini mkubwa wao ni piga. Tunapiga simu, pasi, deki, mswaki, hodi, kura, hesabu, hata miayo, na hakuna anayeumia. Chukua bado kina uzito wake wa kubeba. Anayebeba magunia pale Marikiti ni mchukuzi, na wizara ya usafiri tumeiita ya Uchukuzi. Kwa hiyo msomaji akikutana na chukua, anaona mkono ukinyanyua kitu.

Anza na picha, maana hapo kosa linajionyesha lenyewe. "Nimechukua picha ya paspoti" maana yake ni kwamba umeenda studio ukakabidhiwa zile picha ndogo kwenye bahasha. Kukaa mbele ya kamera ni kupigwa picha. Mtu mmoja anaweza kupigwa picha Jumatatu na kuzichukua Jumanne, na ukitumia kitenzi kimoja kwa yote mawili, anayekungojea ofisini na fomu hajui umefika wapi. Isitoshe, mwenye kamera ni mpiga picha. Hakuna mchukua picha.

Dawa ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hapo kosa la lugha linaweza kugeuka madhara. Kliniki, kuchukua dawa ni kwenda dirishani ukapewa. Mgonjwa wa presha aliyepewa dawa za mwezi mzima, akiulizwa "Umechukua dawa?", atajibu ndiyo bila kudanganya, huku tembe zote 30 zikiwa bado kwenye pakiti. Muuguzi anaandika kwamba dawa zinatumiwa ila presha haishuki, na kipimo kinaweza kuongezwa bure. Swali lililo wazi ni hili: "Mama, leo umemeza dawa? Ulimeza saa ngapi?" Hilo la pili ndilo linalotoa ukweli.

Chagua kitenzi kwa kuangalia dawa inaingiaje mwilini. Tembe humezwa, dawa ya maji hunywewa, marhamu hupakwa, matone hutiwa jichoni au sikioni, ya pumu huvutwa, sindano hudungwa au huchomwa. Ikiwa mgonjwa ana za aina mbili tatu kwa pamoja, "tumia" inazikusanya zote. Ile 2 x 3 inayoandikwa juu ya bahasha isomwe hivi: "Meza tembe 2, kutwa mara 3." Kwenye maabara, kwa upande mwingine, kuchukua damu ni sawa kabisa, kwa sababu damu inatoka kwako na kwenda kwenye chupa.

Chai nayo ina mtego wake wa hapa kwetu. Tunakunywa chai. Ukiandika kwamba afisa "alichukua chai" pamoja na wenye matatu, umemshtaki, maana katika mji huu chai ni hongo. Na hongo yenyewe huliwa: mla rushwa, kula hongo. Kula pia ndiko kunakokwenda na kiapo. Wazee walikula kiapo cha Mau Mau, na Rais William Ruto alikula kiapo Kasarani tarehe 13 Septemba 2022. Waandishi wa habari wanaosema "alichukua kiapo" wanapoteza kitenzi kizuri mno, kwani anayekula kiapo kinamwingia ndani. Hawezi kukiweka mezani akaondoka.

Mtihani hufanywa. "Watahiniwa walichukua mtihani wa KCSE" inasikika kama kisa cha polisi, karatasi zikitoweka kabla ya siku yake. "Kukalia mtihani" kumeenea sana Kenya na kumetoka Kiingereza vilevile, lakini angalau hakumwibishi mtu.

Matatu hupandwa, na kwenye maandishi rasmi tunaiabiri: "Panda namba 58, ushukie Buruburu." Mgeni akiingia mlangoni, mwambie "Karibu uketi"; ukisema "Chukua kiti", atakinyanyua akuulize akipeleke wapi. Mkutano hauchukui nafasi KICC, unafanyika.

Basi unajaribuje sentensi yako? Weka "beba" au "pokea" mahali pa "chukua" uisome kwa sauti. Ikisimama, acha ilivyo. Ikianguka, funika kitenzi kwa kidole, ubaki na nomino peke yake, kisha ujiulize anayeshughulika na kitu hicho kila siku huitwa nani. Mpiga picha, mla rushwa, mnywa chai, mfanya mtihani: jina la mtu linakutajia kitenzi. Usianzie kwenye "take" ukatafuta kamusi, kwa sababu kamusi itakurudisha kwenye chukua.

Jaribio hilo lina mipaka, na anayesahihisha kwa hasira huharibu pia. "Safari ilichukua saa mbili" haibebeki, lakini ni Kiswahili safi. Chukua pia ni kuwa na nafasi ya kitu: ndoo inachukua lita 20, matatu ndogo inachukua abiria 14, na safari inachukua saa zake vivyo hivyo. "Kuchukua hatua" nako kumekomaa, ila usikuchanganye na kupiga hatua. Baraza lililochukua hatua kuhusu taka limefanya jambo. Lililopiga hatua limeendelea mbele. Linaweza kuchukua hatua kila wiki na lisipige hata moja. Kuchukua mkopo na kuchukua likizo nakuacha kupite, ingawa "kukopa" ni neno moja linalotosha.

Na hapo ndipo wengi husahau kuangalia: mara nyingi Kiswahili hakihitaji nomino yoyote. Kiingereza kinapohitaji maneno matatu, sisi tunaoga, tunapumzika, tunatembea, tunajihadhari. "Chukua mapumziko" ni pumzika. "Chukua pumzi" ni vuta pumzi, au pumua tu. "Chukua uamuzi" ni amua, na ukitaka uzito zaidi, kata shauri. Yule anayeshika maikrofoni harusini na kusema "Ningependa kuchukua nafasi hii kuwashukuru" angeweza kusema "Nawashukuru", watu wakapiga makofi, chakula kikapakuliwa kikiwa bado moto.