Usianze na mkasi

Nilipoanza kujaribu mtindo wa msanii Wangechi Mutu, wa kuunda miili ya wanawake kwa wino na vipande vya picha vilivyobandikwa, nilikimbilia majarida. Nikakata midomo, manyoya ya ndege, vipande vya pikipiki, nikabandika hadi karatasi ikajaa. Rafiki yangu akaitazama, akauliza, "Hili ni tangazo la nini?"

Aliona sawa. Nilikuwa na viungo, mwili sina.

Ukitazama kazi za Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, achana kwanza na vipande vya majarida. Tazama ngozi ya miili hiyo. Ina mabaka na vidimbwi vya rangi, kama ukungu wa ukutani au ganda la mti mkongwe. Nyingi ya kazi hizo amezifanyia kwenye Mylar, karatasi ya plastiki isiyonyonya maji, kwa hiyo wino unabaki juu, unatambaa unakotaka na kukauka polepole. Yaani sehemu inayofanana zaidi na maumbile ndiyo iliyozaliwa na plastiki. Kwangu, hilo linasema mengi kuliko pikipiki zote.

Mylar kwa mfuko wangu ni ghali. Nilinunua zile plastiki ngumu wanazoweka juu ya ripoti wakizibaindi stesheneri. Mwanzoni wino ulijikunja kama maji juu ya jani la yugwa. Piga uso wote msasa laini kidogo, futa vumbi, kisha tia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye wino. Mwaga, inua pembe moja, halafu ondoka. Nenda kapike. Ukikaa hapo utaushika na utauharibu, nakuhakikishia.

Ukishapata ngozi ndipo uchukue mkasi, na kila kipande kiwe na kazi: gurudumu liwe goti, ua liwe sikio. Au fikiria pia unabandika juu ya nini. Katika mfululizo mmoja wa kazi 12, Mutu alitengeneza nyuso za wanawake juu ya michoro ya zamani ya kitabibu inayoonyesha uvimbe wa kizazi. Mimi nilitumia chati ya mwili wa binadamu, ile ya kutundika darasani, na figo zikageuka mashavu bila shida.

Kuhusu gundi: ile nyeupe ya maji haishiki plastiki. Mchoro wangu wa kwanza bado uko ukutani, ila goti lilidondoka wiki ya pili na sijalirudisha. Naona anasimama vizuri tu.