Picha hazionekani kwenye kompyuta ya ukumbini
Ndugu yangu wa Bagamoyo, unauliza kwa nini maonyesho ya picha za harusi ya dada yako, uliyoyanakili kwenye flashi, yanatoa visanduku vitupu kwenye kompyuta ya ukumbini; picha hizo hazijapotea. Programu nyingi za maonyesho ya picha huhifadhi katika faili la mradi mpangilio tu, yaani muda wa kila picha, namna zinavyopishana, muziki uliouchagua, pamoja na njia ya kuifikia kila picha, kwa mfano D:\Harusi\Kaole\014.jpg, kwa hiyo ukinakili faili hilo peke yake kwenye flashi, kompyuta ya ukumbini huifuata njia hiyo, isikute kitu, ikakuonyesha visanduku vitupu. PowerPoint, programu ya slaidi ya Microsoft, ni tofauti, kwani faili lake la pptx, lililoanza na toleo la 2007, kwa kawaida hubeba picha zenyewe. Nakili folda nzima ya picha pamoja na faili la mradi, uiweke kwenye njia ileile, au, lililo salama zaidi, geuza mradi wote uwe video ya mp4 kabla hujaondoka nyumbani.